Zawadi za kampuni: jinsi ya kuchagua kitu ambacho mtu wa Tanga atakitumia kweli

Kila ikifika mwezi wa kumi simu zinaanza. Huyu anataka peni, yule anataka fulana, mwingine anataka "kitu chochote kizuri cha kuwapa wateja mwisho wa mwaka". Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, nataka fulana mia tano."
"Sawa dada, za nani?"
"Za wateja."
"Wateja gani?"
"Wateja tu jamani, wewe niambie bei."

Hapo hela ishaanza kupotea na hata bei haijatajwa. Mimi kazi ya kuprinti na kutafutia kampuni zawadi naifanya hapa Tanga mjini, na ninachokiona ni kwamba watu wanachagua zawadi kwa kuangalia katalogi, wanaona picha inang'aa, wanaagiza. Katalogi haimjui mteja wako. Katalogi haijui kama ni mama anayeuza maziwa Pongwe au ni mwenye duka la jumla Barabara ya Kumi na Mbili au ni kijana wa boda pale Kange. Zawadi inachaguliwa kwa kumfuata mtu na kile kitu mpaka kule anakoenda nacho, ukifika ukaona kitu kinatumika basi hiyo ndio zawadi, ukiona kimeishia kabatini au kimekuwa dekio, acha.

Anza na mtu, bei baadae

Chukua karatasi uandike nani anapokea, na usiandike "wateja". Andika: wenye maduka thelathini Ngamiani wanaochukua mzigo kwetu. Mama lishe wa soko la Mgandini. Wavuvi wa Deep Sea na Sahare. Walimu. Wakulima wa machungwa Muheza. Watu wa ofisini Chumbageni. Ukishaandika hivyo utaona mwenyewe kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwatosha wote, na hilo ndilo kampuni nyingi hazitaki kulisikia maana wanataka oda moja, nembo moja, mzigo mmoja, kazi iishe.

Halafu kwa kila kundi jiulize kitu kitakaa wapi. Mfukoni? Ukutani? Jikoni? Kwenye chombo cha kazi, yaani pikipiki, baiskeli, ngalawa, meza ya genge? Kwa maoni yangu ukuta unashinda vyote. Peni inaazimwa na hairudi, fulana inavaliwa siku moja kwa wiki ukibahatika, lakini kitu cha ukutani dukani kinaangaliwa na kila anayeingia kununua sukari robo. Saa ya ukutani kwa mfano, kampuni zinaidharau zinaona ni ya kizamani, ila nenda kwenye maduka, kwa kinyozi, saluni, madrasa, uangalie wangapi wana saa na ya nani. Ukichagua saa hakikisha namba ni kubwa na nyeusi kwenye uso mweupe, nembo iwe ndogo chini ya kumi na mbili, fremu iwe ya plastiki, na uiweke betri kabisa ndani ya boksi. Saa isiyo na betri inakaa kwenye boksi lake mpaka Ramadhani ya mwakani.

Hewa ya hapa inakula vitu

Hili nalisisitiza sana kwasababu wauzaji wengi wa vitu hivi wako mbali na bahari na hawatakwambia. Tanga ni joto na unyevu na chumvi hewani, na vitu vingi vya katalogi vimetengenezwa vikae kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Peni na pawa benki na tochi zile zenye ngozi laini ya raba juu, ukizishika dukani zinapendeza mkono unateleza kama hariri. Ile ni rangi ya aina ya raba na kwenye joto na unyevu inaoza taratibu, inaanza kunata, mwaka ukipita ukiishika inabaki vidoleni na vumbi lote limegandia juu, na katikati ya uchafu huo kuna nembo ya kampuni yako. Chukua ya plastiki ya kawaida au ya mbao.

Dayari za ngozi ya bandia vilevile, zile za bei rahisi ule utando wa juu unaanza kubanduka vipande vipande, mtu akiweka kwapani shati jeupe linachafuka. Kama lazima utoe dayari basi chagua jalada gumu la karatasi iliyolaminetiwa au la kitambaa. Vishika funguo vya chuma kilichopakwa nikeli vinashika kutu kwenye pete, pale funguo zinapogusana, na mtu wa Raskazone anaekaa karibu na maji ataiona kabla ya wenzake wa Muheza. Kalenda zile zenye ukanda wa bati juu, bati linashika kutu linatia doa ukutani na mwenye nyumba analalamika, kwahiyo mwambie mprintaji akuwekee ukanda wa plastiki au ring'i iliyopakwa rangi.

Mwavuli ndio kabisa. Angalia mbavu zake. Mbavu za chuma chembamba zinakutu na upepo wa kusi ukipiga pale njia ya bandarini zinageuka juu hazirudi. Mbavu za faiba zinapinda halafu zinarudi na hazijui kutu. Mbavu nane zinatosha, fungua na ufunge mara nyingi hapohapo dukani, kitufe cha mwavuli wa kujifungua wenyewe ndio kinakufa cha kwanza. Na wakati: masika inaanza Machi mpaka Mei, vuli ni kuanzia Oktoba mpaka Disemba. Mwavuli uliogawiwa mwezi wa nane utapokelewa kwa asante ya mdomo tu.

Kalenda, kama utaifanya vizuri

Watu wanasema simu imeua kalenda. Sio kweli kwa hapa. Kalenda ya ukutani ya karatasi moja moja kila mwezi bado inagombaniwa, ila inategemea umeweka nini juu yake. Kampuni nyingi zinaweka picha ya mkurugenzi na jengo lao, halafu tarehe vidogo kama mchwa. Mwenye duka hana haja na mkurugenzi wako.

Weka tarehe kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa kaunta. Weka sikukuu zote za serikali, Mapinduzi 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Disemba, pamoja na Pasaka na Krismasi. Weka tarehe za Kiislamu pembeni ya kila siku, maana mwaka wa Kiislamu una siku kama 354 na kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja, mtu wa hapa anataka kuihesabu mapema kwa ajili ya biashara yake ya tende, nguo, unga wa ngano. Andika kabisa kwamba Idi inategemea kuandama kwa mwezi, usije ukaonekana umeipanga wewe.

Kama una wateja wavuvi au wanaouza mafuta ya boti, nyavu, barafu, basi weka alama ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mvuvi anaangalia bamvua na maji mafu, na wale wa dagaa wa taa wanahesabu siku za giza kwasababu mwezi ukiwa mpevu taa yao haina nguvu ya kuvuta dagaa. Viduara viwili kwa mwezi vya kuprinti havikuongezei hata shilingi, lakini kalenda yako inakuwa ndio inayoangaliwa kabla ya kushusha chombo majini. Acha na nafasi tupu ndani ya kila kiboksi cha tarehe, mwenye duka aandike nani anadaiwa.

Muda wake ni mdogo. Ukuta una msumari mmoja. Atakayefika wa kwanza na kalenda nzuri ndiye atakayetundikwa, ukifika katikati ya Januari msumari una mtu. Muundo uwe tayari Septemba, kuprinti Oktoba, kugawa kuanzia wiki ya mwisho ya Novemba.

Ndugu yake kalenda ni ratiba ya Ramadhani, ile imsakia ya karatasi moja yenye saa za daku na kufuturu. Ni rahisi kuliko kitu chochote kwenye orodha hii na kwa Tanga inafika kila nyumba, inabandikwa mlangoni kwenye friji mwezi mzima. Sharti ni moja, nyakati ziwe za Tanga. Usichukue za Dar ukaprinti ukaona ni dakika chache tu, dakika hizo ndizo watu wanazofungulia, nenda BAKWATA mkoa au msikitini kwa imamu upate za hapa, na wakupitishie kabla hujaprinti. Igawe mwezi wa Shaabani.

Kanga ni mchezo mwingine

Ukitaka kumpa mama kitu ambacho hatakitupa, mpe kanga. Ila kanga ya kampuni ni rahisi sana kuiharibu, na nikiangalia zinazopita huku mtaani nyingi zimeharibiwa.

Kwanza toa doti. Kipande kimoja kinaonekana umekata ili upunguze gharama, na mama atakwambia asante halafu atasema mengine ukishaondoka. Kama bajeti haitoshi doti, basi kanga haiko kwenye bajeti yako, chagua kitu kingine.

Pili nembo. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Watu wa masoko wanapenda kupigilia nembo kubwa katikati ya mji, na kanga ikivaliwa unajua inakaa wapi. Mama wa heshima zake hataki bango la kampuni ya simu kwenye makalio akienda msibani. Weka nembo ndogo kwenye pembe za pindo, au irudie rudie ndogo ndogo kama ua, mji uache maua au korosho au mkonge, kitu cha kanga.

Tatu jina, na hapa ndio wanapoanguka wengi. Nimeona jina limeandikwa mfano wa "Bima yetu ndio mpango mzima". Nani atavaa hiyo kwenda kwa jirani? Jina liwe methali au neno la dua ambalo mtu angelinunua dukani kwa hela yake, kama Wema hauozi. Jina la kampuni halina haja ya kuwemo. Na kabla hujapitisha wape wamama wanne watano wa rika tofauti walisome, wao ndio watakwambia kama ndani yake kuna kijembe, maana unaweza kuandika neno ukaona ni zuri kumbe mtaani ni la kumsemea mke mwenza.

Nne kitambaa. Pamba. Polista inateleza kiunoni, haifyonzi jasho, na kwa joto letu la Januari na Februari hakuna atakayeifunga. Omba kipande cha sampuli, kikate pembe uloweke kwenye maji na sabuni ya unga usiku kucha pamoja na kitambaa cheupe, kama inachuja utaona. Kiwanda kinataka oda kubwa na muda, kwahiyo kanga ni ya kampuni kubwa au kampuni kadhaa ndogo zilizoungana, na ni ya kupangwa miezi mingi kabla.

Fulana, fomu siksi na kepu

Fulana kila mtu anaijua kwahiyo sitakaa sana. Uzito wa kitambaa uulize, gramu 160 mpaka 180 kwa mita ya mraba inafaa kwa hapa, chini ya hapo inaonyesha mwili na inalegea shingo baada ya kufuliwa mara mbili tatu, juu ya 200 ni joto. Chapa kubwa ya kufunika kifua chote haipitishi hewa, mtu anatoka jasho duara palepale kwenye nembo, hivyo ifanye ndogo upande wa kushoto kifuani na mgongoni uandike kitu kifupi tu. Siri ya fulana ni hii, kadri nembo inavyokuwa ndogo ndivyo inavyovaliwa mara nyingi. Fulana yenye bango zima inaenda shamba au inakuwa ya kulalia.

Fomu siksi, zile fulana zenye kola, ni kwa ajili ya wafanyakazi wako na wateja wachache wakubwa, idarizi, usiiprinti. Saizi usiagize sawa kwa sawa, L na XL ziwe nyingi, M chache, XXL usizisahau, na kama wanapokea wanawake wengi uliza kama kuna za kike zenye kiuno. Kepu ni nzuri kwa wakulima na wavuvi ila angalia kile kishikizo cha nyuma, cha velkro kinajaa nyuzi na mchanga, cha plastiki kinakatika, cha kitambaa chenye bizimu ya shaba ndio kinadumu.

Wa barabarani

Tanga ni mji wa baiskeli, na kwa mshangao wangu kampuni zinalisahau hilo kila mwaka. Kava la siti ya baiskeli, la turubai laini lenye lastiki, ni kitu kidogo kinachofanya kazi jua na mvua, baiskeli ikiegeshwa sokoni jina lako liko juu linaangalia watu. Kengele nayo sio mbaya.

Kwa boda na bajaji kuna reflekta. Hapa kuwa makini, maana kuna vizibao vya rangi kali ambavyo mchana vinapiga macho na usiku ule mkanda wa fedha haurudishi mwanga wowote, ni kitambaa cha kijivu tu. Jaribu hivi: zima taa chumbani, simama mbali kidogo, piga picha kwa flashi ya simu. Mkanda wa kweli utawaka mweupe kwenye picha. Usiowaka usiununue, unampa mtu imani kwamba anaonekana kumbe haonekani. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kabisa kugawa helmeti za bei ya chini. Helmeti ni kitu cha uhai, kama huna hela ya nzuri iliyothibitishwa gawa kitu kingine, kitambaa cha kuzuia vumbi, mfuko wa simu usioingia maji, koti la mvua.

Vya umeme

Pawa benki inapendwa kuliko chochote na ndio yenye uongo mwingi kuliko chochote. Imeandikwa 10,000 mAh, yaani ujazo wa betri, ukiifungua ndani kuna betri moja ndogo na vipande vya uzito. Hata ya kweli haikupi zote, nguvu nyingine inapotea njiani kwenye kubadilisha umeme, hivyo ya 10,000 kweli inaichaji simu ya 5,000 mara moja na kidogo, akikwambia mara mbili na nusu ujue anauza maneno. Chukua moja, ijaze, chaji simu iliyoisha kabisa uone. Mbovu inavimba, na pawa benki iliyovimba na jina lako juu yake nyumbani kwa mteja hutaki hata kuifikiria. Nunua chache nzuri kwa wateja wakubwa, au acha.

Flashi kwa sasa sizipendekezi isipokuwa kwa walimu na watu wa steshenari, na huko nako kuna zinazosema GB 32 zikabeba 4, kuna programu ya H2testw ya bure ya kompyuta inakuumbua uongo huo.

Mifuko

Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, kwahiyo mfuko wa kubeba vitu vya sokoni unahitajika kila siku. Ile mbadala laini ya bei rahisi kiwango chake ni gramu 70 kwa mita ya mraba, na nyepesi kuliko hapo ni kesi na pia inachanika mkono mtu akiweka nazi tatu. Ukiweza panda juu zaidi, mfuko wa turubai la pamba wenye mkono mrefu wa kuvaa begani.

Au fanya cha hapahapa. Mkonge uliletwa Tanga 1893 na Mjerumani Richard Hindorf na mpaka leo Bodi ya Mkonge makao yake yako hapa mjini, sasa kampuni ya Tanga kuagiza begi kutoka nje kumpa mgeni wa Tanga, mimi naona haipendezi. Vikapu vya mkonge na vya ukili vipo na wasusi wapo. Usijaribu kuprinti juu ya mkonge, uso wake una mashimo wino unavuja pembeni, bali shona kilebo kidogo cha kitambaa au ngozi chenye nembo. Wasusi wape muda, na wape nusu ya hela mwanzo wanunue malighafi. Kitu hiki ndio ningempa mgeni wa kampuni anayerudi zake Dar au Ulaya, halafu ndani yake weka viungo vya Amani, iliki na karafuu na mdalasini.

Kwenye kuprinti kuna lugha yake

Unapoongea na fundi ujue anakufanyia nini. Skrini inafaa rangi moja mpaka tatu na idadi kubwa, kila rangi ina fremu yake kwahiyo ukiwa na fulana kumi tu inakula hela, ukiwa na mia tano inashuka. DTF ni ile ya filamu inayobandikwa kwa joto, nzuri kwa idadi ndogo na nembo ya rangi nyingi. Sablimesheni inaingia ndani ya kitambaa chenyewe haibanduki, lakini ni kwa polista na rangi nyeupe au nyepesi, ukiifanya kwenye pamba itatoka na maji, na kikombe lazima kiwe kile kilichopakwa dawa yake maalum. Kuchonga kwa leza kwenye chupa za chuma na mbao ndio chapa isiyofutika, na kwa hewa yetu naipenda.

Nembo usimtumie fundi picha ya WhatsApp. WhatsApp inaibana picha, kwenye simu inaonekana safi, kwenye fulana inatoka meno meno. Muombe aliyekutengenezea nembo faili lenyewe, la CorelDraw au PDF ya vekta, ile ambayo hata ukiikuza haivunjiki, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokumenti. Namba ya simu weka moja, ile ambayo kampuni haitaibadilisha. Usiweke mwaka kwenye kitu kisicho kalenda, fulana ya "2025" ikifika 2026 ni ya zamani. QR ukiitaka iwe pana sentimita mbili kwenda juu na iwe kwenye kitu kigumu, kwenye fulana inavutika simu haisomi.

Na lazima uone sampuli. Picha ya kompyuta sio sampuli. Kitu chenyewe, na nembo yako juu, mkononi, ndio usaini.

Hesabu na muda

Tuseme una milioni 2 na watu 300. Watu wanagawa wanapata elfu sita na mia sita wanaingia sokoni nayo. Ngoja. Kama muuzaji amesajiliwa VAT kuna asilimia 18 ndani, kwahiyo gawa milioni 2 kwa 1.18 unabaki na kama 1,694,900. Toa laki moja ya sampuli na usafiri, inabaki 1,594,900, gawa kwa 300 unapata 5,300 na kidogo. Sasa usilazimishe fulana kwenye 5,300. Wagawe watu wenyewe: 240 wapate kalenda nzuri, tuseme ya 2,500, hiyo ni laki sita, na wale 60 wanaokuletea biashara kubwa wanabakiwa na kama 16,500 kila mmoja, hapo unaweza kutoa mwavuli au saa ya maana. Bei hizi ni za mfano wa hesabu, za kweli utazipata kwa fundi wako. Risiti ya EFD, ile ya mashine, dai, mhasibu hataikubali ile karatasi ya mkono.

Mzigo wa Kariakoo unapanda basi asubuhi jioni uko stendi ya Kange. Wa China kwa meli hesabu mwezi na nusu mpaka miwili na zaidi, pamoja na kutoa bandarini, na kumbuka mwaka mpya wao unaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda vinafungwa na hakuna anayepokea simu. Ukiwa unalenga Sabasaba au Nanenane, oda ya meli iwe imetoka Machi au Aprili.

Kugawa

Mpe mtu mkononi, na aliyempa awe mtu anayemjua, yule afisa mauzo wake. Zile za kurusha fulana kutoka kwenye gari, watu wanakanyagana na mwisho anayezipata ni kijana mwenye nguvu asiyenunua chochote kwenu. Kwenye maonesho usimwage mezani, weka kidogo kidogo, na umpe aliyesimama akasikiliza. Watoto wa shule watakuja, waandalie rula au penseli ili usimalize zawadi za wateja.

Ukikusanya majina na namba za simu, mwambie mtu utazifanyia nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi 1 Mei 2023 na daftari lililoachwa wazi mezani kila mtu anapiga picha sio ulinzi. Kwa watumishi wa umma nako nenda taratibu, kalenda na peni sawa, ila zawadi ya bei kwa anayekagua mzigo wako au anayepitisha tenda yako, TAKUKURU wana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na hawataiita promosheni.

Mzigo ukifika fungua maboksi ya chini na ya kati, sio la juu tu, hesabu, jaribu peni moja kwa kila boksi, mkilipana iwe baada ya hapo. Vinavyobaki visikae sakafuni, weka juu ya paleti mbali na ukuta, karatasi na nguo zifungwe kwenye nailoni maana unyevu unapanda. Pawa benki zilizobaki zichajiwe nusu kila baada ya miezi michache la sivyo zinakufa zikiwa stoo. Na kila kitu ulichogawa bakiza kimoja, kiandikie tarehe na jina la fundi na bei, kining'inize dirishani ofisini kipigwe na hewa mwaka mzima, ukianza kupanga za mwakani unakianza hicho kukiangalia kabla hujamruhusu mtu yeyote akufungulie katalogi.